Ulimkuta Nani Pale?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita huku Tudor, Mombasa, siku walipotuzwa wenzetu waliosomeshwa na mfuko mmoja nami, kwa kazi za kujitolea wanazofanya mitaani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeondoa nilipokohoa, na pale maikrofoni ilipokata nikasikika vizuri zaidi.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Masalkheri nyote.

Bwana mwenyekiti wa mfuko, maalim wetu, mama zetu mliokaa hapo mbele na leso mpya, na nyinyi ndugu zangu kumi na mmoja mnaotuzwa leo. Nimepewa dakika ishirini. Mimi ni mtu wa maabara, nimezoea kushinda na mirija ambayo hainijibu, kwa hivyo nikipitiliza mnivumilie. Nikipitiliza sana, Maalim pale ana kikohozi chake. Tuliosoma kwake tunakijua.

Wazee walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawa kumi na mmoja wamecheza kwao kweli: Kisauni, Likoni, Mikindani, Changamwe, Mji wa Kale. Lakini wazee hao hao ndio waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi leo sifa nitazitoa kwa kijiko, na anayeona kijiko ni kidogo atanikuta nje.

Nianze na damu, maana ndiyo kazi yangu.

Painti moja ya damu ni kama mililita 450. Watu wakisikia benki ya damu wanadhani ni mahali unapoweka ikakaa. Haikai. Chembe nyekundu, ukizitunza vizuri kwenye friji, zina siku 35. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha damu isimwagike, zina siku tano tu. Na kabla hata ya kuhesabu siku hizo tunaipima kila painti: virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na ya C, kaswende. Kwa hivyo huwezi kusema mwaka huu tumekusanya nyingi, mwakani tupumzike. Ni kama samaki bila barafu.

Sasa, nchini kwetu kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu imetoka kwa wanafunzi wa sekondari. Wako mahali pamoja, wana afya, na ukiwapa soda na biskuti wanaona umewafanyia harusi. Tatizo ni kwamba shule hufungwa. Mama anayejifungua hafungi shule. Bodaboda akigongwa Mtwapa mwezi wa Desemba hasubiri muhula ufunguliwe. Na sisi wa Pwani tuna letu la ziada: mwezi wa Ramadhani aliyefunga hatoi damu mchana, kwa sababu anayetoa anatakiwa awe amekula na kunywa maji ya kutosha.

Haya yote mimi niliyajua. Niliyaandikia ripoti, tena ripoti yenye michoro. Kisha mmoja wa hawa kumi na mmoja, mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mtu asiyejua mrija wala sindano, akaniuliza swali ambalo miaka yote sikuwahi kujiuliza. Aliniuliza, "Dada, kwani usiku hamfanyi kazi?"

Baada ya tarawehe, ile sala ya usiku ya Ramadhani. Watu wameshafuturu, wamekunywa, wako uani, hawana haraka ya kulala. Tukaenda kwa imamu, akakubali. Tukaweka vitanda. Na usiku wa kwanza, jamaa zangu, tulikaa tukitazamana na vitanda vyetu kama watu waliopika pilau wageni wasije. Watu walitoka msikitini wakatupita wakitutolea salamu nzuri kabisa.

Aliyetuokoa ni muuza kahawa. Mzee ana dele lake pale pembeni mwa msikiti, ana vikombe vyake, na kila mwanamume wa mtaa ule amewahi kukaa kwenye benchi lake akazungumza mambo ambayo hamwambii mkewe. Alisimama, akamwachia kijana dele, akaja akalala kitandani akakunja mkono wa kanzu. Sisi tulimpima tukamwambia, mzee, umri umepita 65, hatuwezi kukuchukua. Akakasirika! Akarudi kwenye benchi akawaambia wale vijana, mimi nimekataliwa kwa uzee, nyinyi mnakataliwa kwa nini? Wakaja tisa. Wanne tukawarudisha, mmoja kwa sababu hakufika kilo 50 na wengine kwa presha, lakini watano walitoa, na usiku uliofuata tukaongeza vitanda.

Mimi simpigii makofi mhasibu wetu kwa usiku ule. Nampigia kwa daftari. Mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Yeye ameandika kila jina na tarehe, na siku ikifika anampigia mtu simu, si kwa ujumbe wa kutumwa kwa wote, anampigia: "Bwana, habari za nyumbani, mkono wako umepumzika sasa." Amefanya hivyo tangu mwaka ule mpaka leo. Ramadhani imeshahama kutoka kwenye jua mpaka kwenye mvua, na daftari limekuwa matatu.

Kwa huyu nimemaliza. Nitarudi kwa muuza kahawa.

Wa pili ninayetaka kumtaja ni mdogo wetu wa Mikindani, wa mikoko. Mnajua hori la Tudor lilivyo. Majitaka ya mji yanaishia mle, na kuna watu wanaokata miti usiku. Na mvua za El Niño za 1997 na 1998 wengine mnazikumbuka: kule Mwache zilileta tope likafunika mizizi ya kupumulia, miti ikafa imesimama. Basi kila mtu anataka kupanda. Miaka kadhaa nyuma likaja kundi moja, silitaji, na fulana za rangi moja na kamera. Mkoko una tabia ya kumdanganya mpiga picha: mbegu yake huota ingali mtini, hushuka chini kama mshumaa, na ukiidunga kwenye tope imeshasimama, mti huo. Kwa asubuhi moja walidunga mamia, upande wa nje kabisa, kwenye tope tupu linalopigwa na maji. Picha zilipendeza mno. Baada ya miezi mitatu ungepita pale usingejua kama kulipandwa kitu.

Mdogo wetu alikuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya mazingira. Pwani yetu ina aina tisa za mikoko, mlilana, mkandaa, mchu na mkoko wenyewe zikiwamo, na yeye alizijua zote tisa kwa Kilatini. Mvuvi mmoja mzee pale ufukoni akamwambia, kwa upole wa watu wa pale ambao ni upole wenye ncha: mwanangu, nje kule ni kwa mlilana. Mkoko wenyewe unaingia nyuma ya mlilana. Mkandaa nyuma zaidi. Mchu yeye hachagui sana, utamkuta hata kule juu kwenye chumvi kali ambako wenzake hawakai. Halafu mzee akamwonyesha kitu ambacho hakimo katika mtihani wowote: mfereji mdogo uliozibwa na mifuko na chupa, ndiyo sababu maji hayaingii na mbegu zinazoelea hazifiki. Wakauzibua. Mwaka wa kwanza hawakupanda hata mti mmoja. Walikuwa wakitoa taka na kungoja maji kupwa na maji kujaa yafanye kazi yake. Miche ikaanza kuja yenyewe. Leo wanapanda pale tu ambapo mbegu hazifiki.

Sasa jaribuni kuijaza kazi hiyo kwenye fomu ya mfuko wetu. Fomu inauliza: "Umejitolea saa ngapi? Umepanda miti mingapi?" Saa, angeandika nyingi. Miti, angeandika sufuri, na kwa sufuri hiyo asingekuwa amekaa hapa leo. Namshukuru aliyesoma barua yake badala ya kutazama kisanduku.

Wako wengine siwezi kuwamaliza. Kuna dada anayevuka feri kutoka Likoni kila Jumapili kwenda kuwasomesha kina mama kuandika majina yao, na kama mnavyojua feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, lakini foleni yake mtu huilipa kwa jasho. Kuna daktari wa meno na watoto wa Changamwe. Na kuna wanne wa masomo ya Jumamosi huko Kisauni, nitawafikia.

Nipumue kidogo, nizungumzie hapa tulipo.

Mkitoka nje mkashika njia hii mtafika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kimepata jina hilo 2013. Kabla yake kilikuwa politekniki, na kabla ya hapo, wazee wetu wanakijua kwa jina la MIOME, chuo cha Waislamu kilichojengwa kwa fedha alizochangia Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora na wengine. Yaani sisi wa Mombasa kusomeshwa na mkono wa mtu si jambo lililoanza na mfuko wetu.

Katika chuo hicho, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kulikuwa na karani kijana. Mtihani wake wa Cambridge ulikuwa umemwendea vibaya. Makerere haikumpokea. Siku moja pakawa na hafla ya Maulidi, kijana akapewa nafasi ya kuhutubia, na kati ya wageni alikuwamo gavana wa koloni, Philip Mitchell. Gavana akapendezwa na alivyozungumza, na mlango ukaanza kufunguka. Mwaka 1955 karani akapelekwa Uingereza, Huddersfield, akamalizie sekondari. Akatoka Manchester na shahada mwaka 1960, Columbia 1961, na Oxford akapata udaktari 1966. Makerere ile ile iliyomkataa kuwa mwanafunzi ikamfanya profesa. Mnamjua. Ni Ali Mazrui, aliyefariki Marekani mwaka 2014 akarudishwa akazikwa kwao, makaburi ya Wamazrui, hapo karibu na Ngome ya Yesu.

Hadithi hii tumeisikia mara nyingi, na kila mara tunaisimulia kwa kusifu ulimi wake. Mimi kila nikiisikia huwaza jambo jingine. Je, siku ile gavana angeshikwa na tumbo? Kungekuwa na karani mmoja MIOME, mwenye maneno mazuri na cheti kibaya, akazeeka na mafaili yake. Na nina hakika kama ninavyoona kiganja changu kwamba makarani wa namna hiyo walikuwapo, na wapo.

Ninayasema haya kwa sababu namjua mmoja.

Mwaka 2002 nilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nilikuwa nikikaa dawati moja na msichana tuliyeanza naye darasa la kwanza. Tukishindana mpaka nani atamaliza kwanza kufuta ubao. Matokeo yalipotoka mimi nilikuwa na alama 381 kati ya 500. Yeye 379. Mfuko ulikuwa ukichukua mmoja kutoka shule yetu.

Alama mbili. Katika Kiswahili mwaka ule kulikuwa na swali la ngeli nililolijibu kwa kufunga macho. Kwa kufunga macho, wallahi, niliweka alama kwenye B kwa sababu nilikuwa sijaweka B muda mrefu.

Mnaokumbuka, Januari 2003 serikali ilifuta karo ya shule za msingi. Wadogo zetu wakaingia kwa makundi, madarasa yakafurika. Sisi wa Fomu Wani karo ilibaki pale pale, na serikali haikuanza kulipia masomo ya sekondari mpaka 2008, mimi nimeshamaliza. Mimi nililipiwa kila kitu mpaka sanduku la bati na sabuni. Mwenzangu mama yake alikwenda kuomba basari akarudi na fomu, akaijaza, akapewa nyingine. Muhula wa kwanza ukapita. Alikwenda Kongowea kumsaidia mama kuuza nyanya, kwa muda tu, walisema.

Nikirudi likizo nilikuwa nikipita njia ya nyuma nisipite sokoni. Ndiyo hivyo. Mnanitazama kama mtu mzuri kwa sababu nimeshika maikrofoni.

Miaka ikaenda. Akaolewa, akapata nyumba Kisauni yenye baraza pana mbele, akaanza kukaanga viazi karai na bajia jioni. Kwa ajili ya biashara aliweka taa kubwa nje. Watoto wa jirani, ambao kwao umeme ulikuwa ukikatwa au hakuna pa kukaa, wakaanza kuja na madaftari kukaa chini ya taa. Hakuwafukuza. Aliwaambia anayekaa hapa kwa kucheza ananunua bajia, anayesoma anakaa bure. Kisha akaanza kuwatazamia kazi zao. Mtu wa alama 379 hasahau kugawanya sehemu.

Mwaka 2016 alinipigia simu. Hatukuwa tumezungumza miaka. Hakusema habari za jamii, wala za kurudisha mkono. Alisema, "Wee, njoo. Watoto wa darasa la saba wana mambo ya aljebra yamenipita. Usije na zawadi, njoo na chaki."

Nilikwenda. Nikamleta mwenzangu wa mfuko anayejua fizikia, naye akamleta mwingine. Wale wanne wa Kisauni wanaotuzwa leo, wote wamefundisha kwenye baraza lile, na wanastahili, sisemi hawastahili. Mmoja hajakosa Jumamosi tangu mtoto wake azaliwe, na mtoto sasa yuko chekechea. Lakini baraza si letu. Taa si yetu, na wala bili ya taa. Watoto hawakuja kwa ajili yetu.

Bwana mwenyekiti, nimekuambia faraghani na umenijibu kwa adabu kwamba kanuni zinasema tuzo ni ya waliosomeshwa na mfuko peke yao. Ninaielewa kanuni. Pesa za watu zina masharti. Ila nami nimesomeshwa na pesa hizo mpaka nikajua kusoma fomu, na fomu hii ina kasoro. Inauliza ulifanya nini, saa ngapi, kwa watu wangapi. Haiulizi ulipofika ulimkuta nani pale. Mhasibu alimkuta muuza kahawa. Mdogo wetu alimkuta mvuvi. Sisi tulimkuta mwanamke na karai la mafuta. Wote watatu hawamo katika orodha ya leo. Hata mwaliko hawakupewa, mpaka tulipowaandikia sisi wenyewe, kwa mkono, nyuma ya mialiko yetu.

Wazee walikuwa na msaragambo. Kijiji kikilima njia, kila mtu anatoka, na anayesemwa ni yule asiyetoka. Sikumbuki kusikia kwamba kulikuwa na cheti. Sitaki tuvirudishe vyeti, mama yangu keshanunua fremu. Nataka kisanduku kimoja tu kiongezwe kwenye fomu ya mwakani, chenye mstari mrefu wa kutosha kuandika jina la mtu na mtaa wake, na kwamba jina hilo lisomwe hapa pamoja na letu. Gharama yake ni wino.

Na kama hilo haliwezekani mwakani, basi leo linawezekana kidogo. Muuza kahawa ameshindwa kuja, ana wateja. Mvuvi yuko safu ya nne, amevaa kofia ya vito, na sidhani amefurahia mimi kumwonyesha kidole. Mwenzangu amesimama kule mlangoni. Tangu nilipoanza anaangalia saa, kwa sababu ni Jumamosi, ikifika saa kumi na moja watoto watakuwa wamejaa nje.

Kikohozi cha Maalim nimekisikia. Funguo za baraza ziko kwenye mkoba wangu, nilifunga mimi wiki iliyopita. Ndugu zangu, niwieni radhi, sitabaki kwa chai. Hongereni sana. Wale wanne wa Kisauni, mkishapiga picha mtufuate, leo ni vipeo na mimi vipeo sivipendi.